Laini Yetu Imehamia Kiyovu

Jumapili, Novemba 1992. Gitega, Kigali.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, sasa kumebaki matope na baridi. Nimechoka. Leo ni siku yangu ya kupumzika na sikushona hata kipande kimoja, lakini mwili unaniuma kama niliyebeba mawe.

Daftari langu, acha niandike ukweli humu, maana kwa mdomo nimeudanganya mtaa siku tatu mfululizo.

Nimeiuza simu.

Ngoja nianze mwanzo, pengine nikiandika kwa utaratibu nitajielewa mwenyewe. Marehemu Swalehe, mume wangu, alipeleka maombi ya simu nikiwa na mimba ya Rehema. Ofisi ya simu ni ya serikali, na serikali haina haraka. Kila alipokwenda kuuliza aliambiwa jina lake liko kwenye orodha, arudi baada ya miezi michache. Alirudi, akarudi, mpaka walinzi wa mlangoni wakawa wanamwita shemeji. Simu ilipofika, Rehema alikuwa ameshamaliza juzuu ya kwanza chuoni na anajisomea mwenyewe maandishi ya kwenye maduka. Siku hiyo nilipika pilau. Mafundi walikula, majirani wakala, na mtaa mzima ukapita kuitazama simu juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Swalehe aliifaidi mwaka mmoja tu, kisha Mungu akamchukua. Mimi nikabaki na cherehani, Rehema, na simu.

Kutoka msikitini hadi darajani hakuna nyumba nyingine yenye simu. Kwa hiyo namba yetu ilikuwa namba ya kila mtu. Iliandikwa kwenye kadi za harusi, kwenye fomu za shule, kwenye barua za kuomba kazi. Mtu akiulizwa mjini kama ana simu, alitoa namba yangu bila kupepesa macho. Sikuwahi kuombwa ruhusa na mtu, na kusema kweli sikuwahi kukasirika. Nilizaliwa hapa hapa Gitega, najua tunavyoishi. Chumvi yangu ni chumvi ya jirani.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Anayepiga anasema anamtaka nani, kisha anakata na kusubiri dakika kumi. Mimi nashika sinia la bati na mwiko, natoka mlangoni, napiga sinia, naita jina. Jina linapokelewa na nyumba ya pili, nyumba ya pili inalipeleka ya tatu, na hivyo hivyo hadi limfikie mwenyewe huko chini, hata kama yuko bafuni. Baada ya dakika kumi simu inalia tena na mtu wangu ameshaketi kwenye benchi, anahema.

Kwenye duara la namba nilitia kufuli dogo, ili watu wapokee tu, wasipige. Haikusaidia sana. Wapo waliojua kugonga kile kitufe cha kukatia, mara tatu kwa namba tatu, mara saba kwa namba saba, na simu ikaenda bila duara kuguswa. Nilimfumania mwalimu mzima wa shule akigonga huku amefumba macho, anahesabu. Nikamwacha amalize, kwa sababu alikuwa anamuulizia mgonjwa wake hospitali ya Butare.

Watu walinilipa kwa namna yao. Mayai, kuni, fungu la viazi vitamu, dua. Ofisi ya simu haipokei viazi.

Lakini si bili iliyonichosha. Naapa si bili. Kilichonichosha ni vifo.

Kwetu msiba hausemwi kwa simu, na hausemwi na yeyote tu. Anayepiga ananiambia mimi, mwenye simu, kwamba fulani amefariki Gisenyi au Cyangugu au huko mstari wa vita. Mimi namwita mhusika kwa sinia kama kawaida, anakuja mbio, nami namwambia mpigaji atapiga tena, kaa unywe chai kwanza. Huku nimeshamtuma Rehema kwenda kumwita mzee wa ukoo wao, au imamu, au katekista, yule mwenye haki ya kuitamka habari. Mtu anakaa kwenye benchi langu anakunywa chai, ananisimulia mambo ya sokoni, anacheka, na mimi peke yangu najua kwamba ameshakuwa mjane. Mwaka huu wa vita nimefanya hivyo mara nyingi mno. Nimekuwa hodari wa kutabasamu. Wengine wameanza kuikataa chai yangu.

Halafu mkuu wa mtaa akaja mara mbili kuniuliza nani anapigiwa kutoka nje ya nchi, na wanaongea nini. Siku hizi anayepigiwa kutoka nje anatazamwa kwa jicho la pembeni. Nilimjibu kwamba nikishona sisikii. Alilitazama lile cherehani la kukanyaga, halafu akanitazama mimi, kisha akaondoka bila kuaga.

Basi kaka yangu Yusufu, dalali wa kila kitu mjini, alinikuta niko katika hali hiyo. Yusufu husikiliza redio asubuhi na kuirudia jioni kana kwamba ni mawazo yake. Redio imeanza kusema mashirika ya serikali ni mzigo, kwamba umeme, maji na simu zitakwenda vizuri siku zikiwa mikononi mwa watu binafsi. Kwa hiyo Yusufu naye alikaa kwenye benchi langu, akanyoosha miguu, akasema:

"Dada, kitu cha wote ni cha nani? Si cha mtu. Ndiyo maana kinakuchosha. Mpe mtu mmoja akitunze, upumzike."

Nilimuuliza simu ni ya nani hasa. Karatasi ya mkataba inasema laini ni mali ya ofisi, mimi ni mtumiaji tu. Bili inasema ni yangu. Mtaa unasema ni yao. Yusufu alicheka, akasema mwenye sahihi ndiye mwenye mali. Alikuwa tayari na mnunuzi mfukoni, tajiri mmoja wa malori anayekaa Kiyovu, huko juu kwenye bustani na milango ya chuma. Tajiri huyo ana simu ya ofisini na simu ya nyumbani, alitaka moja zaidi ya kuweka karibu na kitanda. Kwenye ofisi ya simu akaambiwa namba kwenye mtambo zimekwisha, hadi mtu aachie yake. Kwenye karatasi haikuitwa kuuza, maana huwezi kuuza mali ya serikali. Iliitwa kuhamisha laini. Lakini sahihi yangu ilikuwa na bei, na bei hiyo inatosha cherehani la umeme na kubaki.

Nilisaini Jumatano, ofisini kwao, kwa kalamu ya Yusufu.

Sikumwambia mtu. Na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo nadhani ni sisi tu wa nchi hii tungelifanya. Niliutegemea uzembe wao. Nilijiambia, ofisi iliyochukua miaka yote ile kuleta waya itachukua miezi mingapi kuutoa? Nitapata nafasi ya kuwaambia watu polepole, nyumba kwa nyumba, kwa heshima. Pengine hata nitabadili mawazo karatasi ikiwa bado inatafuta muhuri. Niliondoka pale moyo umetulia kabisa.

Alhamisi mchana akaja Mama Konsolata.

Mama Konsolata anauza makaa pale kwenye kona tunapoingilia mtaani. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Mwislamu, tumezaa mwaka mmoja na tumezikiana. Binti yake, Konsolata, aliondoka miaka miwili iliyopita kumfuata mwanamume aliyemwahidi ndoa Nairobi. Ndoa haikuwepo. Baba yake, ambaye ni fundi mwashi na mtu wa maneno machache, alisema tu kwamba hana mtoto wa jina hilo, na tangu siku hiyo hakulitamka. Konsolata akapata kazi ya ndani kwa familia moja huko. Kila Jumapili saa kumi za jioni kwa saa zetu, wenye nyumba wakiwa wametoka, anaiba dakika chache kwenye simu yao na kumpigia mama yake kwangu. Hawezi kupigiwa. Mama yake hajui mtaa wala jina la mwajiri. Barua siku hizi, na mpaka wa kaskazini umefungwa na vita, zinazunguka Tanzania na nyingine hazifiki kabisa.

Jumapili iliyopita Konsolata alisema familia ile inahama. Jumatatu hii, yaani kesho, anatoka katika nyumba hiyo. Aliuliza jambo moja tu. Je, baba amekubali arudi? Kama amekubali, atapanda basi kupitia Tanzania. Kama hajakubali, atamfuata mwenzake mmoja mji mwingine, mbali zaidi, wanakosema kuna kazi, na huko simu hakuna. Mama yake alimwomba wiki moja. Akamwambia, piga Jumapili, nitakuwa na jibu.

Kwa hiyo Alhamisi alikuja kwangu mbio, mikono myeusi ya makaa, khanga imemdondoka begani.

"Mama Rehema! Mzee amesema aje! Amesema na mdomo yake, mbele ya kakake. Aje! Iko inabaki Jumapili tu, mimi namwambia mtoto aje!"

Alinikumbatia akanipaka masizi shavuni. Nilimwambia Alhamdulillahi. Nilimpa maji akanywa. Na sikusema neno. Simu ilikuwa bado iko mezani, inatutazama, na nilijiambia Jumapili ni mtondo tu, hakuna ofisi ya serikali inayofanya kitu kwa siku tatu.

Ijumaa asubuhi wakaja mafundi wawili na ngazi. Uji wa Rehema ulikuwa haujachemka walipoanza, na ulikuwa haujapoa walipomaliza. Waliuvuta waya ukutani, wakakata, wakakunja, wakaingiza simu kwenye mfuko. Niliwauliza, jamani, mbona haraka hivi? Mmoja akajibu, bila ubaya wowote:

"Mama, kazi ya mkubwa haisubiri."

Basi nikaelewa kwamba ile miaka yote tuliyongoja haikuwa uzembe. Ilikuwa ni sisi.

Ijumaa majirani walipouliza nilisema laini ina ubovu kwa ajili ya mvua. Wakaamini, maana mvua huikata kweli mara kwa mara. Jumamosi nikasema mafundi wameichukua kuitengeneza. Wakaamini hilo pia. Mama Konsolata alikuja mara tatu jana. Mara ya tatu aliniletea kikapu cha makaa, bure, eti niwape mafundi wafanye haraka. Nikapokea. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nilipokea kikapu nikakiweka nyuma ya mlango.

Leo saa tisa akaja. Alikuwa na nguo zake za misa, amejifunga kitambaa cheupe, amenawa mikono mpaka kucha. Alikaa kwenye benchi palepale anapokaa siku zote, mikono mapajani, akatazama meza. Juu ya meza hakuna kitu, isipokuwa mkasi wangu na ile alama ya mraba ambapo vumbi halikufika.

"Bado hawajarudisha?" akauliza.

Rehema alinitazama. Yeye alijua, nilimkataza kusema. Kumfundisha mtoto wako uongo ni kitu kibaya, na kibaya zaidi ni kuona jinsi alivyoujua haraka.

Nikamwambia Mama Konsolata ukweli. Nilisema yote kwa mkupuo, Jumatano, sahihi, Kiyovu, cherehani. Nilitegemea alie au anitukane. Kwa kweli nilikuwa nataka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alifikiri kidogo. Kisha akaniuliza swali la mtu mwenye akili kuliko mimi:

"Namba iko ile ile?"

Nikasema ndiyo, namba imehama na waya.

"Basi inalia huko. Twende."

Tulipanda kwa miguu. Matope hadi mjini, kisha lami. Yeye mbele, mimi nyuma, viatu vyake vya misa kavishika mkononi mpaka tulipofika lami ndipo akavivaa. Kwenye kizuizi askari walitaka vitambulisho, tukatoa, wakatuachia. Nilikuwa nahesabu dakika kwenye saa ya Swalehe na kuomba tuchelewe, halafu nikajionea haya, nikaomba tuwahi.

Tuliwahi. Ilibaki robo saa.

Nyumba ni nyeupe, ina ukuta mrefu na lango la kijani. Mlinzi alifungua kidirisha kidogo. Mama Konsolata alimsalimia kwa adabu zote, akamweleza kwa Kinyarwanda kuhusu binti yake, akamwambia anaomba kuingia dakika tano tu, asimame hata jikoni, hata nje ya dirisha. Mlinzi ni kijana wa watu, alionekana kuhuzunika. Akaenda kuuliza. Akarudi akitazama viatu vyake.

"Mukecuru, bibi yangu, pole. Patron iko anapumzika. Madame anasema hii ni simu ya nyumba, hapana simu ya posta."

Nikasogea mimi. Nikasema mimi ndiye niliyemuuzia huyo bwana hiyo laini, aende akamwambie jina langu. Alikwenda. Aliporudi alisema bwana ananisalimia, na kwamba mambo ya laini yalikwisha Jumatano.

Ni kweli yalikwisha. Hakusema uongo.

Tukasimama pale ukutani. Nadhani nimewahi kumchukia Yusufu, ofisi ya simu, na mtaa mzima na mayai yao, lakini pale langoni sikuweza kumpata wa kumchukia. Simu ilipokuwa ya serikali, tuliingoja mpaka tukazeeka. Ilipokuwa ya mtaa, hakuna aliyeilipia isipokuwa mimi. Ilipokuwa yangu, iliniua kwa kazi. Sasa ni ya mtu mmoja, inatunzwa vizuri sana, imewekwa karibu na kitanda. Yusufu alisema kitu cha wote si cha mtu. Hakuniambia kwamba kitu cha mtu kina ukuta.

Saa kumi kamili ikalia.

Dirisha la juu lilikuwa wazi baada ya mvua, tuliisikia vizuri. Si mlio wa simu yangu, chombo ni kipya, kinalia taratibu. Lakini Mama Konsolata alinishika mkono, akanibana mpaka vidole vikafa ganzi. Ililia mara nne. Kisha sauti ya mwanamume mwenye usingizi, kwanza Kifaransa, halafu Kiswahili:

"Nani? Hapana. Hayupo. Hapa hayupo."

Akaweka simu chini. Nilijua utaratibu wetu. Atangoja dakika kumi apige tena, akidhani sinia linapigwa na jina linateremka mtaani. Nilimweleza Mama Konsolata hivyo, naye alikuwa anajua. Tulingoja. Mlinzi hakutufukuza, alijifanya anafagia majani.

Dakika kumi zikaisha, ikalia tena. Safari hii ilipokelewa mara moja, kwa hasira.

"Nimesema hayupo! Usipige tena hapa!"

Na hapo Mama Konsolata aliniachia mkono. Akarudi nyuma hatua tatu mpaka katikati ya barabara, akainua uso kuelekea lile dirisha, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake hata akigombana na wateja:

"Konsolata we! Njoo! Papa wawe yemeye! Papa amekubali! Njoo nyumbani, njoo!"

Mbwa wote wa Kiyovu walibweka. Mlinzi alitoka nje na fagio mkononi, hajui la kufanya. Dirisha la juu likafungwa. Sijui kama yule bwana alikuwa bado na simu sikioni. Sijui kama sauti ilifika. Naomba iwe ilifika. Mama Konsolata aliita mara nyingine mbili kwa dirisha lililofungwa, kisha akajifunga kitambaa chake vizuri.

Tulikaa pale mpaka karibu saa kumi na mbili. Haikulia tena.

Wakati wa kushuka ndipo alipoongea. Hakunilaumu. Alikuwa anajiuliza kwa sauti, mtoto amesikia nini. Mimi najua amesikia nini, na yeye anajua, na ndicho kitu ambacho hakuna kati yetu aliyethubutu kukisema. Sisi hatumwambii mtu hapana. Hapa Kigali hapana ni tusi. Mtu usiyemtaka akija mlangoni, unamtuma mtoto aseme mama hayupo, na yule mgeni anaelewa, anaaga vizuri, harudi. Konsolata amekulia hapa hapa. Aliuliza kama anaweza kurudi nyumbani, akangoja wiki, akapiga kwa saa aliyoambiwa, akajibiwa hayupo. Akapiga tena, akajibiwa hayupo. Msichana wa Gitega hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Nilimwambia mama yake kesho alfajiri nitakwenda kwa madereva wa malori wanaopita mpakani Rusumo, wale wanaofika mpaka Nairobi, niwape jina la Konsolata. Nairobi ni kubwa na mimi nina jina moja tu, tena la ubatizo, wako wengi. Pia nitatafuta padri mwenye watu huko. Nitamfuata Yusufu arudi kwa yule bwana, hata kama ni kurudisha pesa yote. Nilikuwa naongea sana. Yeye alikuwa anachagua pa kukanyaga.

Mlangoni kwake alisimama. Baba Konsolata alikuwa ameketi ndani, tulimwona kwa mwanga wa taa ya kibatari, amevaa shati safi. Nadhani alikuwa anangoja kusikia ni siku gani aende kituo cha basi. Mama Konsolata hakuingia mara moja. Aligeuka, akanishika mikono yote miwili, akasema asante kwa kunisindikiza. Hivyo tu. Asante. Afadhali angenipiga.

Kisha akasema Jumapili ijayo atapanda tena Kiyovu, atasimama palepale saa kumi. Labda mtoto atapata simu ya mtu mwingine. Labda atajaribu mara ya mwisho. Safari hii hatangoja, itakapolia tu ataanza kuita.

"Na wewe utakuja, Mama Rehema?"

Nimemjibu ndiyo.

Nimeshaandika haya yote na bado najiuliza ni ndiyo ipi niliyompa, ile ya kweli, au ile tunayopeana hapa ili mtu aingie ndani kwake alale.